Watu wa Mwisho wa Western States

Katika mbio za maili 100 zinazokwenda milimani na misituni huwapo makundi mawili ya watu walioondoka kwa mlio mmoja wa bunduki, waliovaa namba za namna moja na kupimwa kwa saa moja, lakini ambao hawaonani tena mpaka siku ya pili. Kundi la mbele ni dogo, na habari zake huandikwa kabla jua la siku ya kwanza halijazama. Kundi la nyuma ni la watu wanaotembea zaidi kuliko wanavyokimbia, wake kwa waume, wa makamo na wazee, ambao hawana tamaa ya kumshinda mtu yeyote, ila wana miadi na saa ya mwisho, na kuitimiza miadi hiyo huwagharimu mchana mmoja, usiku kucha na asubuhi nyingine. Muradi wangu ni kueleza ada na adabu za kundi hilo la nyuma, kwa kuwa naitakidi kwamba ndilo lililoyapa mashindano haya sheria zake na murua wake, na kwamba mtu atakaye kuyajua kwa hakika yampasa asimame mkiani.

Mfano nitakaoushika ni wa Western States, mbio za porini za maili 100 zilizo kongwe kuliko zote za aina yake, ambazo hufanyika kila mwisho wa mwezi wa Juni katika jimbo la California, Marekani. Watu wasiofika mia nne, kwa kuwa wenye kuihifadhi misitu ile wameweka mpaka wa idadi, huondoka Olympic Valley, karibu na ziwa Tahoe, saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, wakaelekea magharibi mpaka mji wa Auburn, na mlango hufungwa saa tano kamili ya asubuhi ya Jumapili. Jumla ni saa 30. Njia huanza kwa mwinuko mkali hadi Emigrant Pass, penye kimo cha mita 2,667, ambapo miaka mingine theluji huwa ingali imelala. Kisha hushuka na kuingia katika makorongo ambamo joto la alasiri hupita nyuzi 38. Na mtu akifika Auburn huwa amepanda jumla ya mita 5,500 na kushuka mita 7,000. Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya mchezo. Ni nchi ya Wawasho na Wanisenan tangu zama za kale, na katika karne ya 19 zilipitwa na wachimba dhahabu, ambao kambi zao zimeyaacha majina yanayotajwa hata leo na kila mwenye kuieleza njia hii: Last Chance, Deadwood, Michigan Bluff.

Asili ya mbio zenyewe ni farasi. Mwaka 1955 Wendell Robie, mtu mashuhuri wa Auburn, aliondoka na wenzake kuthibitisha kwamba farasi wa zama hizi angali aweza kwenda maili 100 kwa siku moja, na safari hiyo ikawa mashindano ya kila mwaka yaitwayo Tevis Cup, yenye sharti la saa 24, na zawadi yake ni bizimu ya mkanda iliyotiwa fedha. Mwaka 1972 kikosi cha askari kutoka kambi ya Fort Riley, jimbo la Kansas, kiliingia katika njia ile ile kwa miguu, na saba miongoni mwao wakaimaliza. Askari hao walitembea, na safari yao ikawachukua karibu siku mbili. Basi waliotangulia kuifungua njia hii kwa miguu, katika zama za mashindano, walikuwa watembeaji. Miaka miwili baadaye, yaani 1974, Gordy Ainsleigh, ambaye mwaka uliotangulia farasi wake alichechemea wakashindwa kufika, alijitia baina ya wapanda farasi pasipo farasi, akatokea Auburn kwa saa 23 na dakika 42. Yeye ndiye atajwaye katika kila hadithi ya mbio hizi, na kutajwa kwake ni haki yake.

Lakini mimi huutazama zaidi mwaka 1977. Mwaka huo watu 14 waliingia kwa miguu, na mmoja tu, Andy Gonzales, alifika kabla ya saa 24 kwisha. Wawili wengine, Ralph Paffenbarger na Peter Mattei, waliokwisha kupita umri wa miaka 50, waliendelea kwenda ingawa muda wa bizimu ulikuwa umewapita, wakafika pamoja kwa saa 28 na dakika 36. Huyo Paffenbarger alikuwa tabibu na mwanachuoni, aliyepata sifa ulimwenguni kwa kuwachungua maelfu ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard na kuonyesha kwamba wenye kujishughulisha na mwendo hujaaliwa umri mrefu kuliko wenye kukaa. Na siku ile alikuwa akiishuhudia elimu yake kwa nyayo zake mwenyewe. Kufika kwao ndiko kulikowafanya wenye mashindano wakiri kwamba saa 24 ni sheria ya farasi, na kwamba binadamu apewe 30, na atakayefika baina ya mipaka hiyo miwili avikwe bizimu ya shaba. Mwaka uliofuata, 1978, mwanamke wa kwanza kuimaliza njia hiyo katika mashindano, Pat Smythe, alitumia saa 29 na dakika 34. Lau sheria ya farasi ingalisimama, jina lake lisingaliandikwa popote. Kwa hiyo zile saa sita za nyongeza, ambazo ndizo makao ya watu wa mwisho, hazikutolewa kwao kwa huruma. Walizipata kwa kutembea.

Ukizigawa maili 100 kwa saa 30 utapata mwendo wa kilometa 5.4 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo katika barabara ya mjini, na asiyeijua njia yenyewe huweza kuudharau. Hesabu hiyo imekusanya ndani yake kupanda na kushuka, kula na kutapika, kubadili soksi, kujaza chupa, kwenda haja nyuma ya miti, kuvuka mto, na kusimama kumsubiri mwenzio anayelia bila ya kujua analilia nini. Kila kituo kina saa yake ya kufungwa, na mtembeaji hutoka kila kituo akijua ana akiba ya dakika ngapi juu ya saa hiyo, na akiba hiyo huitunza kama mwenye nyumba atunzavyo maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Ukiwasikiliza wakizungumza njiani utasikia hesabu tupu: dakika 40 pale, dakika 25 hapa, mwinuko huu utakula 15, mteremko ule utarudisha 10. Mshindi hufika Auburn mnamo saa moja jioni au saa mbili usiku, na upesi kuliko wote alikuwa Jim Walmsley mwaka 2019, kwa saa 14, dakika 9 na sekunde 28. Wakati huo watu wa mwisho wangali katika makorongo, nusu ya safari ingali mbele yao, na usiku ambao mshindi hakuuonja karibu wote ni wao.

Kutembea namna hii ni elimu yenye kanuni zake, na wakongwe huifundisha kwa vitendo. Katika mwinuko hatua hufupishwa, kiwiliwili huinama kidogo, na viganja hukandamiza mapaja ili mikono iisaidie miguu. Penye tambarare hujikokota kwa mwendo ulio baina ya kutembea na kukimbia. Na katika mteremko, ambapo mgeni hudhani kuna raha, mtu mwenye akili hujizuia, kwa kuwa ni kushuka kunakoyararua mapaja, msuli ukilazimika kuvuta huku ukivutwa. Mahali pa kuiona elimu hiyo kwa karibu ni mwinuko wa Devil's Thumb, unaoanza penye mto ulio chini ya korongo na kupanda kwa kona 36, moja juu ya mwenziwe, katika joto la alasiri lisilokuwa na upepo. Anayeujua mwinuko huo hulowesha kofia na shati mtoni kabla ya kuanza. Kisha hupanda pasipo kutazama juu, akipumua kwa kipimo cha hatua, na afikapo kona husimama muda wa pumzi chache, mkono mmoja juu ya goti, jasho likidondoka kutoka puani hata vumbini, akaondoka tena kabla mwili haujaizoea raha. Wenye kuruka kona mbili kwa mbio na kuketi ya tatu hupitwa na bibi wa miaka 60 ambaye hakubadili mwendo wake tangu chini.

Adabu za kundi hili ni nyingi, na hazikuandikwa katika kitabu. Mwenye kutaka kupita huarifu kwa sauti ya upole kutoka mbali, na anayepitwa husogea kando kwa neno la kheri. Hapana anayepita kimya. Mtu hamuulizi mwenzie kama atafika, kwa kuwa swali hilo lina jibu moyoni mwa kila mmoja wao, na kulitamka ni kulifungulia mlango. Aulizwalo ni habari za tumbo, habari za miguu, na chumvi. Watazamaji nao wamefundishwa neno moja la kuliepuka, nalo ni kumwambia mtembeaji kwamba amekaribia, kwani mtu aliye maili 20 kutoka mwisho hukaribia kwa saa sita, na maneno ya kumtuliza yasiyo na ukweli humchosha kuliko njia. Lakini uongo mmoja wamehalalishiana, nao ni kumwambia mwenye uso wa majivu na midomo iliyopasuka kwamba anaonekana vizuri kabisa. Asemaye anajua, na aambiwaye anajua, na wote wawili hufarijika. Juu ya hayo yote ipo faradhi: aliyeanguka au aliyeugua haachwi peke yake mpaka apatikane wa kumkabidhi, hata kama anayekaa naye atapoteza dakika zake zote. Na wengi wamezipoteza, ingawa majina yao hayaonekani katika orodha ya waliofika.

Vituo vya huduma, ambavyo ni kama 20 njia nzima, huendeshwa na watu wa kujitolea wapatao zaidi ya 1,500, na vingine vimeshikwa na kundi moja la jamaa au marafiki kwa miaka mingi hata vikawa ni urithi. Mgeni wa kituo hulakiwa kabla hajafika mezani. Mtu mmoja huchukua chupa zake, wa pili humwagia maji ya baridi kwa sifongo, wa tatu humtia barafu ndani ya kofia na katika kitambaa cha shingoni, na wote humwita kwa jina lake. Mezani pana viazi vya kuchemsha vya kuchovya katika chumvi, tikiti, machungwa, mikate yenye jibini, soda, na usiku ukiingia pana mchuzi wa moto na tambi. Mtembeaji hula asichokitamani, kwa kuwa matamanio yake yamekwisha kufa tangu jua kali, na tumbo lililokataa chakula ndilo linalowarudisha watu wengi kuliko miguu iliyokataa kwenda. Maji nayo yana hatari yake: anayekunywa kupita haja kwa saa nyingi huipunguza chumvi ya damu yake, akavimba vidole, akachanganyikiwa, na akiachwa bila tiba huweza kufa, na msiba huo huwapata watu wa mwisho kuliko wa mbele, kwani hao ndio wanaokaa njiani muda mrefu wakinywa kila penye kikombe. Ndiyo maana mkuu wa kituo huwatazama mikono na macho kabla ya kuwaruhusu kuondoka.

Kisha kiko kiti. Hapana kituo kisichokuwa na viti, na hapana mkongwe asiyemuonya mwanafunzi wake ajihadhari na kiti, kwa sababu mtu aliyetembea saa 16 akiketi mahali pa laini, akafunikwa blanketi, akapewa kikombe cha moto, huanza kusikia katika masikio yake hoja njema mno za kutoinuka. Kwa hiyo wahudumu wa kituo hutenda jambo ambalo mgeni huliona ni ukatili, na kumbe ni ihsani: humpa mtu dakika zake, humtimizia haja zake, kisha humshika kwapa, wakamsimamisha, wakamuelekeza uso gizani.

Lakini kuna kuketi kusikoepukika, nako ni kwa ajili ya nyayo. Aghalabu huwa Foresthill, kijiji kilicho penye kilometa 100, ambapo jamaa na wasaidizi humngoja mtu wao wakiwa na viti, beseni na mikoba iliyofunguliwa. Kiatu huvuliwa polepole, na vumbi la makorongo, lililo jekundu na laini kama unga, huwa limepenya soksi na kuganda baina ya vidole. Msaidizi huosha mguu, huukausha kwa kuubonyeza na taulo wala hausugui, kisha hutafuta malengelenge kwa ncha ya kidole chini ya mwanga wa tochi. Lililojaa maji hutobolewa kwa sindano iliyosafishwa, pembeni, penye upande wa chini, maji yakaminywa yote, ngozi ikaachwa mahali pake pasipo kuchunwa, ikapakwa dawa, ikafunikwa kwa utepe uliokatwa pembe zake kwa mviringo ili usikunjike. Ukucha uliokwisha kulegea hufungwa pamoja na kidole. Kisha hupakwa mafuta mazito, soksi mpya huvutwa bila ya kuacha mkunjo, na kiatu hufungwa kwa kulegezwa, kwani mguu wa saa hiyo umekwisha kuvimba. Shughuli yote huchukua dakika 10 au 12, nayo hufanywa na mke, mtoto, jirani, au mtu ambaye mpaka jana walikuwa hawajuani. Nami sijui katika michezo yote ya zama hizi mahali pengine ambapo mtu mzima humuosha miguu mtu mzima mwenziwe hadharani, na hapana anayeona ajabu.

Aghalabu kuanzia Foresthill mtembeaji huruhusiwa kuwa na msindikizaji, mtu mmoja wa kwenda naye kuelekea Auburn. Kazi ya msindikizaji si kubeba mzigo, kwani hilo ni haramu katika sheria zao. Kazi yake ni kuwa na akili kwa niaba ya mtu ambaye akili yake imechakaa. Humkumbusha kula kila nusu saa, humhesabia dakika, humsimulia visa, hunyamaza inapopasa kunyamaza, na humtazama asilale huku akitembea. Usiku wa manane mtembeaji huona maruerue: kisiki huwa mbwa aliyelala, jiwe huwa mzee aliyeketi, na taa za vichwani za waliotangulia, zikipanda na kushuka juu ya kilima cha mbali, huwa nyumba za mji usiokuwapo. Wenye murua hawamcheki mtu kwa aliyoyaona.

Kwenye maili ya 78 kuna mto, American River, mahali paitwapo Rucky Chucky. Maji yakiwa machache huvukwa kwa miguu, kamba nene imetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na watu wa kujitolea wamesimama safu moja ndani ya maji ya baridi, wakiwa wamevaa mavazi ya mpira, wakimpokeza kila mvukaji kutoka mkono hadi mkono na kumwambia pa kukanyaga. Maji yakiwa mengi huvushwa kwa mashua. Watu wa mbele huwavusha mapema. Kuwasubiri wa mwisho kunataka kusimama katika maji yale mpaka karibu na alfajiri, na watu huyasimamia, mwaka baada ya mwaka.

Nyuma ya mtembeaji wa mwisho kabisa huja wafuatao mkia. Hao ndio wanaohakikisha kwamba hapana aliyebaki porini, na katika Western States baadhi yao huwa wamepanda farasi, jambo ambalo huniridhisha sana kulifikiri: farasi, ambaye njia ilikuwa yake na sheria ilikuwa yake, leo huja nyuma ya binadamu taratibu, kwa mwendo wa binadamu aliyechoka, ili asipotee. Kituo kikifungwa, saa ni saa. Aliyechelewa kwa dakika moja huambiwa kwa sauti ya chini, na kikuku cha mashindano kilichokuwa mkononi mwake tangu Olympic Valley hukatwa kwa mkasi. Hukatwa kwa staha, aghalabu na mtu aliyewahi kukatiwa chake. Wengine hulia, wengine hushukuru na kuomba radhi kwa wahudumu, kana kwamba wamewavunjia kitu. Adabu ya mahali hapo ni kwamba hakuna ubishi, kwa kuwa saa ya kufungwa ikisogezwa kwa ajili ya mmoja, basi aliyeharakisha maili 40 ili aiwahi huwa amedhulumiwa.

Ukali huu wa saa haukuanzia kwao, wala si wa kwao peke yao. Afrika Kusini yako mashindano makongwe zaidi, Comrades, ya barabarani, kama kilometa 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg, yaliyoanzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham, askari aliyerudi kutoka vita vya 1914 hadi 1918. Vita vyake alivipigana katika nchi yetu hii ya Afrika Mashariki, akitembea na kikosi chake mwendo wa kilometa 2,700 hivi kuwaandama askari wa Wajerumani, na mashindano yake aliyataka yawe kumbukumbu ya wenzake waliokufa. Yanayoadhimishwa huko, basi, yana asili katika vumbi la Tanganyika. Kikomo chake leo ni saa 12, na saa hiyo ikikaribia, msimamizi husimama penye mstari akiwa amewapa mgongo wanaokuja, bunduki mkononi, macho yake juu ya saa tu, ili asimuone anayekaribia na moyo wake ukamshinda. Wanaotaka kuiwahi saa hiyo hujikusanya makundi makubwa nyuma ya kiongozi mwenye bendera, ambaye huwapimia mwendo, hutangaza wakati wa kutembea na wakati wa kukimbia, na huwaimbisha. Sisi wa nchi hizi tunamjua pia John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani na bendeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa 57 na wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Mshindi wa siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Uhabeshi, bingwa mkubwa. Lakini jina ambalo wengi ulimwenguni wanalikumbuka ni la Akhwari.

Western States wameifanya heshima hiyo kuwa kaida. Saa ya mwisho ya mashindano, kuanzia saa nne hadi saa tano ya Jumapili, wenyewe huiita saa ya dhahabu, na uwanja wa skuli ya Placer, ulioko Auburn, hujaa watu kuliko ulivyojaa mshindi alipoingia. Mabingwa waliomaliza jana, waliokwisha kuoga na kulala, huja kwa miguu iliyokauka kusimama kando ya mstari. Mwaka 2015 bibi mmoja wa jimbo la Washington, Gunhild Swanson, mwenye umri wa miaka 70, alikuwa katika saa hiyo. Alikuwa amepotea njia pamoja na wenzake asubuhi ile, wakaongeza maili ambazo hazikuwa zao, na akiba yake yote ya dakika ikateketea. Aliyeshinda mwaka huo, Rob Krar, alikuwa amefika zaidi ya saa 15 kabla yake. Akapanda kwenda kumlaki Robie Point, kilometa mbili kutoka mwisho, akiwa na kandambili miguuni, akashuka naye pamoja na jamaa zake kupita mitaani. Bibi aliingia uwanjani zikiwa zimesalia sekunde chache, watu wote wamesimama na kupiga kelele, akauvuka mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Sekunde sita zilisalia. Alikuwa mwanamke wa kwanza aliyetimiza miaka 70 kuzimaliza mbio hizo, na bizimu aliyopewa ni ile ya shaba, ambayo Paffenbarger na Mattei waliwapatia watu wote watakaokuja nyuma yao.

Wako wanaosema kwamba nafasi ni chache, na ni kweli. Maelfu huomba kila mwaka kwa kura, sharti mtu awe amekwisha kumaliza mbio nyingine ya kilometa 100 au zaidi na kutoa saa nane za kazi ya kujitolea, na wako waliongoja miaka mingi bila ya kura kuwaangukia. Husema basi kwamba mtembeaji anakalia nafasi ya mkimbiaji. Pia husemwa kwamba mchezo huu unataka fedha, likizo na jamaa wenye wasaa, na hilo la pili sina la kulijibu, kwa kuwa ni haki na ni aibu yake. La kwanza silikubali. Mtu atembeaye saa 29 na nusu katika joto na giza hutumia kila alichonacho, sawa na anayekimbia 15, na hukaa hatarini mara mbili ya muda wake. Na lau wangaliondolewa wao, wangaliondoka pamoja nao wasimama mtoni, waosha miguu na wapanda farasi wa nyuma, na kungalibaki saa na mstari.

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki mashindano ya mbio ndefu yamekuwa mengi, na kila mwaka huingia watu ambao hawakuzaliwa na miguu ya ushindi: makarani, mama lishe, wanafunzi, wazee wenye sukari walioambiwa na daktari watembee. Nawaomba wenye kuyaandaa waweke saa ya mwisho iliyo bayana, waitangaze mapema, kisha wailinde mpaka dakika yake ya mwisho, maji yasiondolewe mezani wala medali zisiishe sandukuni kabla haijafika. Na wewe msomaji, siku mbio zitakapopita mtaani kwako, usirudi ndani mshindi akishapita. Kaa na ndoo yako ya maji mpaka apite wa mwisho, na umwite kwa jina lake kama limeandikwa kifuani.